Wacheni Skrini Nyeusi Ikae

Kuna watu wanataka kukuondolea kitu ambacho huenda hata hujui unacho. Kama laptopu yako inatumia Linux, iwe ni Ubuntu, Fedora, Debian ama Mint, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Kwa laptopu zingine itabidi uongeze Fn. Madirisha yote yatapotea. Ile picha ya mlima uliyoweka nyuma itapotea. Itabaki skrini nyeusi, maandishi meupe, na neno moja likikungoja: login. Usishtuke, hujaharibu kitu. Bonyeza Ctrl, Alt na F2, ama F1, ama F7 kwa mifumo mingine, na utapata kila kitu vile ulikiacha.

Hiyo skrini nyeusi inaitwa konsoli ya maandishi. Kwa kawaida mfumo wako unakutengea kama sita hivi, na keneli, yaani kiini cha Linux, inaruhusu hadi 63. Hazihitaji kipanya, hazihitaji madirisha, hazihitaji intaneti. Unaandika jina lako, unaandika nywila, uko ndani.

Kwa miaka sasa kuna mjadala kati ya wanaotengeneza Linux: je, kompyuta ya mtu wa kawaida, ya kuandikia na kutazamia filamu, bado inahitaji hizi konsoli? Upande mmoja unasema ni masalio ya zamani, mzigo kwenye keneli, ziondolewe. Upande mwingine unasema ziachwe. Mimi niko huo upande wa pili na sitajifanya niko katikati. Lakini sababu zangu si zile utasikia kwa wazee wa Unix wenye ndevu, kwa hivyo nipe dakika chache.

Tuanze na historia, juu watu wengi wanaisimulia kinyume. Ukiingia kwenye ile skrini utaona imeandikwa tty3. Hizo herufi tty ni ufupisho wa teletype, mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa kwa waya. Unapiga herufi, kompyuta inajibu kwa kupiga herufi zake kwenye karatasi ile ile. Unix ilipokuwa changa, hivyo ndivyo watu waliongea nayo. Baadaye karatasi ikaondoka, skrini ikaja. Kampuni ya Digital ikatoa VT100 mwaka wa 1978, na zile alama zake za kusogeza maandishi na kufuta mstari ndizo konsoli ya Linux inaelewa hadi leo.

Kisha mwaka wa 1991, kijana mmoja mwanafunzi kule Helsinki, Finland, aliandika programu ndogo ya terminali. Alitaka tu kupiga simu kwa kompyuta ya chuo akiwa nyumbani, asome ujumbe wake. Programu ikakua. Ikabidi ijue kuandika kwenye diski ili ahifadhi mafaili. Ikabidi ijue hiki na kile. Mwishowe ikawa keneli. Kijana huyo ni Linus Torvalds na keneli hiyo ni Linux. Kwa hivyo mtu akikuambia konsoli ni mzigo uliobebeshwa Linux, amegeuza hadithi. Linux yenyewe ilianza kama skrini ya maandishi. Mtoto ndiye sasa anaambiwa amfukuze mamake kwa nyumba.

Lakini umri si hoja. Babu hapewi usukani wa matatu kwa sababu tu ni babu. Kama kitu ni kizee na hakina kazi, kiende. Swali ni kama kina kazi.

Tuwape wanaotaka kuiondoa haki yao kwanza, maana wana hoja za kweli. Ya kwanza ni kwamba msimbo wa konsoli ndani ya keneli ni wa zamani na watu wanaotaka kuushika ni wachache. Mwaka wa 2020 kulipatikana kasoro ya usalama kwenye ile sehemu iliyokuwa ikikuruhusu kupandisha maandishi juu kwa Shift na PageUp. Torvalds mwenyewe akaona ina vikona vidogo vidogo vibovu ambavyo hakuna mtu alikuwa tayari kupambana navyo, akaikata. Toleo la 5.9 likatoka bila hiyo. Keneli si mahali pa kuwekea vitu visivyo na mwenyewe, kwa sababu kosa la ndani ya keneli si kama kosa la programu ya muziki. Hapo ni moyoni.

Ya pili ni lugha. Konsoli ya Linux ina nafasi ya maumbo ya herufi 512, basi. Kichina hakiingii hapo. Kiarabu kinachoandikwa kutoka kulia na herufi zikishikana hakikai vizuri. Usione kama hilo ni tatizo la watu wa mbali. Kabla ya herufi hizi tunazotumia leo, mashairi ya Lamu na Mombasa yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Kiswahili cha leo kinaingia kwenye konsoli bila shida kwa sababu ya bahati tu: herufi zetu ni zile zile za Kiingereza, na ng' tunaiandika kwa kuongeza alama ya juu. Wengine hawana hiyo bahati, na mfumo unaodai ni wa ulimwengu mzima hauwezi kuwaambia wasome maboksi matupu.

Ya tatu ni usalama wa skrini iliyofungwa. Kuna njia za zamani za kuwasha madirisha kutoka konsoli ambapo mtu angeweza kurudi kule nyuma, akaua madirisha, akajikuta ndani ya akaunti yako bila nywila. Hiyo ni kweli, ingawa inatokana na namna ya kuwasha, si konsoli yenyewe. Konsoli inakuuliza jina na nywila kama mlango mwingine wowote.

Ya nne ni kwamba kuna mbadala. Tangu 2012 hivi, David Herrmann alikuwa akiunda kmscon, konsoli inayokaa nje ya keneli, kama programu ya kawaida, yenye uwezo wa kuonyesha herufi za lugha zote. Watu wa systemd nao waliwahi kuanza ya kwao, lakini mwaka wa 2015 wakaitoa kabla haijaiva. ChromeOS ilizima konsoli za keneli ikaweka yake ya nje. Na mwaka wa 2024 keneli ikapata njia mpya ya kukuonyesha ujumbe mfumo unapokufa kabisa, baadaye ikaongezewa hata msimbo wa QR wa kupiga picha kwa simu, bila kuitegemea konsoli ya zamani.

Hizo ni hoja nzuri na sina ugomvi nazo. Mimi nasema badilisheni msimbo. Utoeni kwenye keneli, uandikeni upya, upeni herufi za dunia nzima. Bawaba zikishika kutu, fundi anabadilisha bawaba. Shida yangu ni wale wanaotoka kwa "bawaba zina kutu" wakafika "kwa hivyo tuzibe mlango kwa matofali." Hao wanatumia hoja ya tano, na hiyo ya tano ndiyo imenifanya niandike.

Hoja ya tano inasema: hakuna mtu anaitumia.

Panda matatu yoyote ya abiria 33. Kuna dirisha ama mlango umeandikwa maandishi mekundu, wa dharura. Uliza makanga ni abiria wangapi wameshuka kwa huo mlango mwaka huu. Atacheka. Sasa, kwa hesabu ya hawa jamaa, mlango huo ungetolewa, pawekwe kiti kingine. Hautumiki! Unachukua nafasi! Unachanganya abiria! Na siku gari limelala kwa upande, mlango wa kawaida uko chini kwenye lami, utamwambia nani kwamba takwimu zilikuwa nzuri?

Kuna vitu ambavyo thamani yake haipimwi kwa mara ngapi vimetumika. Vinapimwa kwa hali unayobaki nayo siku vinapohitajika na havipo. Wazee walishasema akiba haiozi. Konsoli ni akiba.

Mwaka jana nilikuwa na makala ya kuwasilisha kwa mhariri kabla ya saa mbili asubuhi. Saa sita usiku mfumo ukaanza kujisasisha, na katikati ya kusasisha, stima ikapotea. Betri ya laptopu hizi zetu unazijua: ni ya kukusalimia tu kisha inaenda. Stima iliporudi nikawasha. Nembo ikatokea, ikakwama. Madirisha hayakuja. Kipanya hakikuja. Nilibonyeza Ctrl, Alt, F3, na pale pale ikaja ile skrini nyeusi na lile neno lake moja.

Niliingia. Kitu cha kwanza, nikachomeka flashi, nikaifungua kwa amri ya mount, nikanakili makala kwa amri ya cp. Hata laptopu ingelipuka sasa, kazi ilikuwa salama mfukoni. Kisha nikaandika sudo dpkg --configure -a, ambayo inaambia mfumo umalizie pale ulipokatikia. Mistari ikashuka kwa dakika kadhaa. Nikawasha upya. Madirisha yakarudi. Sikutumia hata kilobaiti moja ya bando.

Sasa ondoa konsoli kwenye hiyo hadithi. Nina skrini iliyokwama, saa saba usiku, saiba zote zimefungwa, na nyumbani hakuna kompyuta nyingine.

Ukiuliza wanaotaka kuiondoa, watakupa majibu matatu. Ingia kwa ssh kutoka mashine nyingine. Washa kwa flashi yenye mfumo mwingine. Tumia hali ya uokoaji mwanzoni mwa kuwasha. Yasikilize vizuri hayo majibu. La kwanza linasema: una kompyuta ya pili. La pili linasema: una kompyuta ya pili ya kutengenezea hiyo flashi, na bando la gigabaiti kadhaa la kuupakua huo mfumo, ama uliyafanya hayo yote mapema. La tatu ndilo afadhali, lakini hiyo hali ya uokoaji inakuonyesha nini ikifunguka? Skrini nyeusi ya maandishi. Ile ile. Hata Linux inapogundua yenyewe kwamba diski fulani imekataa kufunguka, inakutupa kwenye hali ya dharura, na hiyo nayo ni maandishi kwenye konsoli. Wanaotaka kuiondoa wanakuelekeza kwenye konsoli.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisemi hawa ni watu wabaya. Nasema wanatazama meza yao. Mezani kwao kuna laptopu ya kazi, laptopu ya nyumbani, kompyuta kubwa pembeni, na intaneti isiyokatika. Kwao mashine iliyoharibika ni usumbufu wa jioni moja. Kwa wengi wetu mashine ni moja, na hiyo moja ndiyo kazi, ndiyo shule, ndiyo burudani, ndiyo CV.

Na tunazidi kuwa wengi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 na prosesa za karibuni, na kompyuta nyingi nzima kabisa zimefungiwa nje. Tembea Luthuli Avenue ama Moi Avenue uone laptopu za ex-UK zimepangwa kama mitumba: ThinkPad, Latitude, EliteBook, chuma zimara ambazo ofisi za huko ng'ambo zilichoka nazo. Nyingi hazitawahi kuipokea Windows 11 kwa njia halali. Linux ndiyo itazipa maisha ya pili. Kwa hivyo kundi jipya linaloingia Linux ni watu wenye mashine kuukuu, betri chovu, diski ndogo. Hao ndio watakaokatikiwa na stima katikati ya kusasisha. Hao ndio diski yao itajaa hadi madirisha yakatae kufunguka, uweke nywila sahihi, skrini imetemete, ikurudishe pale pale kuuliza nywila. Kwenye konsoli unaingia, unafuta faili moja kubwa, kwisha. Bila konsoli unampelekea fundi, na sote tunajua fundi atasema nini: "Hii ni ya kufomati." Kwaheri picha, kwaheri makala, kwaheri thao.

Ati terminali si iko ndani ya madirisha? Iko. Naitumia kila siku. Lakini hiyo ni programu ndani ya madirisha kama kivinjari kilivyo. Madirisha yakifa, inakufa nayo. Huwezi kuhifadhi ufunguo wa akiba ndani ya nyumba ile ile iliyofungwa.

Kuna kundi lingine ambalo katika mjadala huu hutajwa mwishoni, kama limetajwa. Watu wasioona. Kwa mtu asiyeona, madirisha ni kazi ngumu: vitufe, menyu, matangazo yanayoruka. Maandishi yanayokuja mstari kwa mstari ni rahisi kusomwa kwa sauti ama kwa vidole. BRLTTY imekuwepo tangu miaka ya 1990, inachukua kilichoko kwenye konsoli na kukipeleka kwa kifaa cha nukta nundu. Speakup inaishi ndani ya keneli yenyewe na inasoma konsoli kwa sauti, ikisaidiwa na eSpeak. Na eSpeak, kama hukujua, inaongea Kiswahili. Sauti yake ni ya roboti mwenye mafua, sikatai, lakini ni Kiswahili. Yaani kwa mashine ya bure, bila kununua programu yoyote, mtu asiyeona anaweza kuketi mbele ya konsoli na kusomewa faili la Kiswahili.

Kwa huyo mtu konsoli si mlango wa dharura tena. Ni mlango wa mbele. Ukiniambia "hakuna mtu anaitumia," kwanza niambie huyu ulimhesabu kama nani. Ukiniambia konsoli mpya itakuja na haya yote "baadaye", nitakuuliza baadaye ni lini, kwa sababu ya zamani itakuwa imeondoka leo.

Halafu kuna jambo linalonikera kuliko yote. Nenda kwa wanaokodisha seva, zile kompyuta kubwa za wingu. Huko hakuna injinia atakubali mashine isiyo na njia ya maandishi ya kuingilia mambo yakiharibika. Google wanayo, Microsoft wanayo, na Amazon waliongeza konsoli ya namna hiyo kwa mashine zao za kukodi mwaka wa 2021, kwa sababu wateja wanaolipa walitaka njia ya kuingia mtandao wa mashine unapokufa. Soma hiyo tena. Katika miaka ile ile ambayo mwenye laptopu anaambiwa konsoli ni takataka ya kizamani, mwenye seva anaongezewa konsoli. Tofauti ni nini? Seva ina mwenyewe anayeheshimiwa. Inachukuliwa kwamba yule mtu ana haki na akili ya kurekebisha mali yake. Wewe na laptopu yako mnachukuliwa kuwa watumiaji. Mtumiaji harekebishi. Mtumiaji anangoja.

Na tayari tunajua barabara hiyo inaishia wapi, kwa sababu iko mfukoni mwako. Android inatumia keneli ya Linux. Simu yako ni kompyuta ya Linux, na ina nguvu kuliko mashine iliyozaa Linux mwaka wa 1991 mara nyingi sana. Jaribu kuingia ndani yake. Hakuna konsoli. Simu ikikwama kwenye nembo, huna neno la kuiambia isipokuwa kufuta kila kitu. Na kama ni ya mkopo, ukichelewesha malipo ya siku kadhaa inafungwa kutoka mbali, na wewe uliyeishika mkononi ndiye huna la kufanya. Sisemi konsoli ingekufungulia simu ya mkopo. Hiyo ni vita nyingine. Nasema tazama jinsi tulivyozoea. Mashine iko kwako, lakini maagizo yanatoka kwingine, na tunaona ni kawaida kama jua kuchomoza. Hakuna aliyekaa gizani akapanga njama. Iliondolewa kidogo kidogo, kila mara kwa sababu nzuri, kila mara ikisemwa hakuna anayeitumia.

Hata kwa Linux ya mezani tumeshaanza. Zamani ulikuwa unabonyeza Ctrl, Alt na Backspace, madirisha yaliyokwama yanauawa na kuanza upya. Mwaka wa 2009, kuanzia Ubuntu 9.04, hiyo ikazimwa kama chaguo la kawaida, ati watu walikuwa wanaibonyeza kwa bahati mbaya. Mwaka wa 2020 tukapoteza kupandisha maandishi. Kila hatua moja ukiitazama peke yake ina maana. Zipange kwa mstari uone zinaelekea wapi.

Najua jibu lingine: konsoli inatisha mgeni. Mtu ametoka Windows jana, amebonyeza vitufe vibaya, skrini imekuwa nyeusi, amelia. Huyo namwelewa. Lakini dawa ya mlango unaotisha ni kuandika juu yake unaelekea wapi. Mstari mmoja tu pale juu ya login: "Madirisha yako bado yapo. Bonyeza Ctrl, Alt na F2 kurudi." Kwa Kiswahili, ikiwezekana. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kubomoa ni kazi ya miaka. Kama lengo ni kumsaidia mgeni, mbona tunachagua kazi ya miaka?

Na tusimdharau mgeni. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana. Nilichojua kuhusu kompyuta wakati huo ni Word na YouTube. Lile skrini jeusi ndilo lilinifundisha. Andika man na jina la amri yoyote, linakueleza amri hiyo inafanya nini, bila bando, bila ada, bila kuuliza cheti chako kiko wapi. Kiingereza chake ni kigumu, sawa, lakini halikunifukuza. Leo sehemu ya kodi ya nyumba yangu inatokana na kuwatengenezea watu wa ploti mashine zao. Kuna mama wa kioski chini anayeweka hesabu zake kwenye laptopu kuukuu; ananiita "mwanangu wa kompyuta." Hajui konsoli ni nini wala hahitaji kujua. Lakini kila mara mashine yake imekwama na ikarudi na hesabu zake zote, ilirudi kupitia pale. Yeye pia hakuhesabiwa kwenye ile "hakuna mtu."

Jina Ubuntu lilitoka kwa lugha za kusini mwa bara hili, kwa Wazulu na Waxhosa. Sisi tunasema utu. Mfumo uliochagua kuitwa utu hauwezi kupima watu kwa wingi wa mibonyezo.

Kwa hivyo haya ndiyo masharti yangu kwa yeyote anayetaka kuigusa konsoli, awe ni wa Ubuntu, wa Fedora, ama wa keneli yenyewe. Moja, mbadala wake ufanye kazi wakati madirisha yamekufa kabisa. Usiegemee GNOME wala KDE wala chochote ambacho chenyewe ndicho kimeharibika. Mbili, ufanye kazi diski ikiwa imejaa, intaneti haiko, na hakuna mashine ya pili. Tatu, nukta nundu na sauti zifanye kazi siku ya kwanza, si toleo lijalo. Nne, uje umewekwa tayari. Kitu cha dharura ambacho lazima ukipakue kwanza si cha dharura. Anayetimiza hayo manne, achukue msimbo wa zamani auzike na mimi nitakuja mazishini nikiwa nimevaa vizuri. Kmscon na wenzake wakifika hapo, nitakuwa wa kwanza kushangilia. Asiyetimiza, awache mlango ulivyo.

Na wewe msomaji, usingoje wakubwa wamalize kubishana. Leo usiku, mashine ikiwa nzima na huna haraka, bonyeza Ctrl, Alt na F3. Weka jina, weka nywila. Andika ls uone mafaili yako yakiwa yamepangwa bila urembo. Andika df -h ujue diski yako imebakisha nafasi gani. Chomeka flashi ujifunze kuifungua na kunakili faili moja. Kisha andika exit, urudi kwa madirisha yako. Ni robo saa. Siku utakayouhitaji huo mlango kutakuwa na giza, na giza si wakati wa kuanza kutafuta komeo.